Je, Wajua? Reli Kuukuu Zinazorudi Kubeba Watu wa Mjini

Miji mingi inayoteseka na foleni ina njia ya reli ya zamani inayokatiza katikati yake, iliyotandikwa kabla mji wenyewe haujapata sura. Nyingine bado zinapitisha treni ya mizigo mara mojamoja, nyingine zimeota majani. Swali linaloulizwa kuanzia Dar es Salaam hadi Auckland ni hili: je, inalipa kuzifufua ziwapeleke watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni? Mimi nasema inalipa, ila si kila reli, wala si kwa kila namna. Soma haya, kisha uamue mwenyewe.

Treni za Nairobi zilianza kazi kisiwani Mallorca

Baadhi ya treni za dizeli zinazobeba abiria wa mjini Nairobi zilianzia Hispania, kwenye kisiwa cha Mallorca katika bahari ya Mediterania. Mwaka 2020 Kenya ilinunua treni 11 za mtumba kutoka huko, kisiwa kikiwa kimekwisha kuingia kwenye treni za umeme. Kwa nini Mallorca, na si London au Paris? Jibu liko kwenye upana wa njia. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ina milimita 1,000 kutoka chuma hadi chuma. Mallorca nako ni milimita 1,000 vilevile. Sehemu kubwa ya Ulaya hutumia milimita 1,435, na treni ya huko ingefika Nairobi isiweze kusogea hata hatua moja.

Lipo la kufurahisha zaidi. Mallorca yenyewe iliifufua njia yake ya kwenda mji wa Manacor mwaka 2003, miaka 26 baada ya kufungwa. Kwa hiyo Nairobi ilipata treni zenye uzoefu: kazi ya kurudisha uhai kwenye reli iliyokufa zilikwisha kuifanya kwao.

Abiria wa Dar es Salaam waliipa treni jina la waziri

Oktoba 2012 treni ya abiria ilianza safari za ndani ya jiji la Dar es Salaam, na watu wakaiita Treni ya Mwakyembe, kwa jina la Dkt. Harrison Mwakyembe aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Jina likashika kuliko jina lolote rasmi. Treni moja ilitoka Stesheni ikapita Buguruni na Tabata hadi Ubungo Maziwa. Nyingine ikafuata njia ya TAZARA, reli ya kwenda Zambia, hadi Mwakanga. Baadaye ikaongezwa safari ya Pugu.

Cha ajabu ni umri wa njia yenyewe. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Hawakuwa na habari ya mfanyakazi wa Tabata anayewahi ofisini Posta. Walitaka mazao na mizigo ya bara ifike bandarini. Mji ulipotanuka ukaikuta reli ipo, ukajipanga pembeni yake. Ndiyo maana mwaka 2012 treni iliweza kuanza bila kupasua mtaa hata mmoja, kwa mabehewa yaliyokarabatiwa na njia iliyokuwepo tangu enzi za babu zetu.

Kilichopungua kilikuwa wingi wa safari. Treni zilihudumia asubuhi na jioni, mchana pakawa na pengo kubwa, na mtu aliyetoka shughuli zake saa saba alirudi kwenye daladala. Hili la wingi wa safari lishike vizuri, maana utaliona tena Japani na Marekani.

Mji mmoja, reli za vipimo vitatu

Dar es Salaam ina reli za aina tatu zinazoingia mjini, na treni ya moja haiwezi kupita kwenye nyingine. Reli ya Kati ni milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi miaka ya 1970, ni milimita 1,067, kwa sababu ilipaswa kuungana na reli za Zambia na nchi za kusini. Reli ya kisasa ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ni milimita 1,435.

Tofauti kati ya mbili za mwanzo ni milimita 67, kama upana wa vidole vinne vya mkono vilivyobanwa pamoja. Vidole vinne hivyo vimegharimu mengi. Kule Kidatu, mkoani Morogoro, ambako njia hizo mbili zinakutana, mzigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine. Na siku za mwanzo za treni ya mjini, njia ya Ubungo na njia ya Mwakanga hazikuweza kuazimana hata behewa moja, ingawa abiria wake waliishi jiji moja na kupanga foleni za namna moja. Anayepanga kufufua reli huanza na futi ya kupimia, si na rangi ya mabehewa.

Reli mpya inayoegemea reli kuukuu

Treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa Mei 2017, humtoa abiria Mombasa na kumfikisha Nairobi baada ya safari ya zaidi ya kilomita 470, lakini inamshusha Syokimau, nje ya mji. Kuna njia ya kumalizia safari hadi katikati ya jiji bila kugusa barabara: treni ndogo ya reli ileile ya mita moja, ya zama za ukoloni. Reli kuukuu inaingia hadi Stesheni Kuu kwa sababu ilifika pale kabla ya maghorofa. Kuipitisha reli mpya hapo kungemaanisha kununua baadhi ya ardhi ghali kuliko zote Kenya. Naona hapa ndipo penye thamani halisi ya reli za zamani: vyuma vinaweza kubadilishwa, mataruma yanaweza kubadilishwa, lakini ile nafasi ya kupita haipatikani tena dukani.

Mtandao uliozaliwa mwaka 1853 ulibeba watu wengi kuliko wakazi wote wa Dar es Salaam

Kabla ya janga la korona, treni za mjini Mumbai, India, zilikuwa zikibeba abiria zaidi ya milioni 7 kwa siku. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika mkoa mzima wa Dar es Salaam. Yaani kila siku Mumbai ingeweza kuwabeba wote, wazee kwa vichanga, na nafasi ikabaki. Mtandao huo ulizaliwa na njia ya kilomita 34 kutoka Bori Bunder hadi Thane, iliyofunguliwa Aprili 1853, njia ya kwanza ya treni ya abiria nchini India. Haikuwahi kuachwa ife, ikapanuliwa mwaka hadi mwaka, na leo hakuna anayeuliza kama ilikuwa na faida.

Sahihi zilizofufua reli

Mwaka 1979 serikali ya jimbo la Australia Magharibi iliifunga kwa abiria njia ya treni ya Perth hadi Fremantle, njia iliyokuwa ikifanya kazi tangu mwaka 1881. Mpango ulikuwa kuweka mabasi mahali pake. Wananchi hawakukubali. Walikusanya sahihi takriban 100,000 wakati jiji zima halijafika watu milioni moja: kusanya watu kumi mtaani, mmoja wao, mtoto akihesabiwa, alikuwa ametia sahihi yake.

Uchaguzi wa Februari 1983 ukaiondoa serikali ile, na Julai mwaka huohuo treni ikarudi. Jiji halikuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia zote za mjini zilitiwa umeme, zikaongezwa njia mpya kabisa, na mwaka 2007 ikafunguliwa reli ya kusini hadi Mandurah, kilomita 70 hivi kutoka katikati ya jiji. Sidhani kama kuna mji mwingine ambako kufungwa kwa reli kwa miaka minne kumezaa mapenzi makubwa hivyo kwa treni.

Mtumba wa Perth ukaiokoa Auckland

Perth ilipoingia kwenye umeme, treni zake za dizeli zilibaki bila kazi. Auckland, New Zealand, wakati huo ilikuwa karibu kuachana kabisa na treni za mjini. Mwaka 1994 abiria wote wa mwaka walikuwa kama milioni moja tu. Mwaka 1993 jiji hilo lilizinunua zile treni za Perth, na kwa bahati njema njia za miji yote miwili zina upana wa milimita 1,067.

Mtumba ule ulinunua muda. Mwaka 2003 kikafunguliwa kituo cha Britomart katikati kabisa ya jiji, treni zikaacha kuwashushia watu pembeni. Mwaka 2010 njia ya Onehunga, iliyokuwa bila treni za abiria kwa miaka 37, ikafunguliwa tena. Kuanzia mwaka 2014 zikaja treni za umeme. Mwaka 2017 abiria walivuka milioni 20 kwa mwaka. Mara ishirini ndani ya miaka 23, na kwa sehemu kubwa ni juu ya njia zilezile za karne ya 19.

Jakarta iliwashusha abiria kutoka juu ya paa

Mwaka 2012 maofisa wa reli nchini Indonesia walitundika mipira ya zege juu ya njia, karibu na Jakarta, ili kuwazuia watu kusafiri juu ya paa la treni. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Mipira haikumaliza tatizo. Kilicholimaliza ni huduma: mabehewa yenye kiyoyozi, tiketi za kielektroniki kuanzia mwaka 2013, vituo vilivyowekwa uzio na mpangilio, na treni nyingi zaidi.

Treni zenyewe? Mtumba tena. Zilitoka Tokyo, ambako zilikuwa zimemaliza muda wake, na ziliweza kutembea Jakarta kwa kuwa Japani na Indonesia zote zinatumia milimita 1,067. Njia ya kutoka Jakarta kwenda Bogor ilijengwa na Waholanzi, ikakamilika mwaka 1873. Abiria wa mtandao mzima walipanda kutoka takriban milioni 158 mwaka 2013 hadi zaidi ya milioni 330 mwaka 2018. Katika mifano yote ninayoijua, huu ndio unaonigusa zaidi, maana Jakarta haikuwa tajiri, haikusubiri reli ya ndoto, ilipanga vizuri ile iliyokuwa nayo.

Kimbunga kiliipatia San Diego treni

Septemba 1976 mabaki ya kimbunga Kathleen yalibomoa madaraja ya reli ya mizigo jangwani, kusini mwa California. Kampuni iliyoimiliki ikaona matengenezo hayalipi, ikaomba ruhusa ya kuitelekeza. Jiji la San Diego likaona nafasi. Mamlaka ya usafiri ilinunua njia ile kwa dola milioni 18.1, na Julai 1981 treni nyepesi nyekundu zilianza kukimbia kilomita 25 kutoka katikati ya jiji hadi San Ysidro, mpakani mwa Mexico.

Ujanja wao ulikuwa kugawana saa. Mchana walipita abiria, usiku wa manane ikapita mizigo, kwenye vyuma vilevile. Mradi ulijengwa bila fedha ya serikali kuu ya Marekani, na miji mingi ya nchi hiyo ilikwenda kujifunza hapo.

Tramu inayobadili umeme ikiwa mwendoni

Mjini Karlsruhe, Ujerumani, gari lilelile linaloteleza barabarani kama tramu mbele ya maduka huingia kwenye reli kuu na kukimbia pamoja na treni za masafa marefu. Barabarani hutumia umeme wa volti 750. Kwenye reli kuu hutumia volti 15,000, na kubadilisha kunafanyika gari likiwa mwendoni, abiria akiendelea kusoma gazeti lake.

Mpango huo ulianza Septemba 1992 kwenye njia ya kwenda mji wa Bretten. Abiria wa njia hiyo waliongezeka takriban mara nne kwa muda mfupi. Sababu haikuwa kasi. Awali mtu alishushwa stesheni kuu, mbali na katikati ya mji, akatafuta tramu. Sasa hakuhitaji kushuka. Kubadilisha chombo ndiko kunakochosha watu kuliko urefu wa safari, na yeyote aliyeunganisha magari matatu kufika kazini analijua hilo.

Nusu saa ikawa robo saa, abiria wakawa maradufu

Toyama, Japani, ilikuwa na reli ndogo inayokwenda bandarini, abiria wakipungua kila mwaka. Mwaka 2006 ikageuzwa kuwa njia ya tramu za kisasa ya kilomita 7.6, vituo vikaongezwa, na badala ya kusubiri nusu saa au saa nzima, chombo kikaja kila baada ya dakika 15. Abiria wa siku za kazi walizidi mara mbili. Wazee wa miaka 65 na zaidi wakapewa kadi ya kusafiri kwa yeni 100 tu, na wengi waliokuwa wamejifungia nyumbani wakarudi sokoni na hospitalini kwa miguu yao wenyewe.

Treni ya bei nafuu iliyobaki bila watu

Si kila ufufuo unafaulu. Nashville, Tennessee, ilizindua mwaka 2006 treni ya abiria ya kilomita 51 hadi Lebanon, kwenye reli ya mizigo iliyokuwepo, kwa mabehewa yaliyotumika awali Chicago. Gharama ya kuanzisha ilikuwa takriban dola milioni 41, ndogo sana kwa Marekani. Lakini safari ni chache, za asubuhi na jioni, na kabla ya janga la korona abiria wake kwa siku walikuwa takriban elfu moja.

Linganisha na Toyama: reli fupi mara sita na zaidi, abiria wengi zaidi. Kuokoa fedha kwenye ujenzi ni jambo jema. Kuokoa fedha kwenye idadi ya safari ndiko kunakoua treni, maana abiria asiye na uhakika wa kurudi hatoki nyumbani nayo.

Treni za Wisconsin zikaishia Lagos

Jimbo la Wisconsin, Marekani, liliagiza treni mbili za kisasa za kampuni ya Talgo, kisha uongozi ukabadilika na mradi ukafutwa. Treni zikakaa ghalani miaka kadhaa, mpya kabisa, bila kubeba abiria. Mwaka 2022 zikanunuliwa na jimbo la Lagos, Nigeria, kwa ajili ya njia yake ya treni za mjini iitwayo Njia Nyekundu, ambayo ilianza kuhudumia abiria Oktoba 2024 kati ya Agbado na Oyingbo.

Njia hiyo inafuata mkondo wa reli ambayo Waingereza walianza kuijenga kutoka Lagos mwaka 1896, mwaka uleule walipoanza ile ya Mombasa. Pande mbili za Afrika, reli mbili za umri mmoja, na miji miwili mikubwa inayozirudia leo kwa sababu ileile ya foleni.

Mchungaji aliyekamatwa akiizuia treni ya mwisho

Usiku wa treni ya mwisho ya abiria kwenye njia ya Waverley, kati ya Edinburgh na Carlisle, Januari 1969, wanakijiji wa Newcastleton huko Scotland walifunga geti la kivuko cha reli na kusimama njiani. Mchungaji wao, Brydon Maben, alikamatwa na polisi. Mbunge David Steel, aliyekuwa ndani ya treni hiyo, aliingilia kati mpaka mchungaji akaachiwa na treni ikaruhusiwa kupita. Eneo zima likabaki bila reli.

Septemba 2015 kipande cha kaskazini, kilomita 48 hivi kutoka ukingoni mwa Edinburgh hadi Tweedbank, kilifunguliwa tena kwa gharama ya pauni milioni 294. Malkia Elizabeth wa Pili aliizindua rasmi tarehe 9 Septemba, siku ileile alipovunja rekodi ya Malkia Victoria ya kukaa kwenye kiti cha enzi muda mrefu kuliko mtawala yeyote wa Uingereza. Ndani ya miezi sita ya mwanzo abiria walikaribia 700,000, wengi kuliko makadirio.

Kasoro yake ni kwamba, ili kubana matumizi, sehemu kubwa ya njia ilijengwa kwa reli moja tu. Treni mbili zinazokutana lazima zisubiriane mahali palipotengwa, na moja ikichelewa inaichelewesha nyingine. Newcastleton, kijiji kilichosimama njiani usiku ule, bado hakijafikiwa.

Miaka 72 gizani chini ya London

Chini ya London kuna handaki la Snow Hill, lililoacha kupitisha treni za abiria mwaka 1916. Mei 1988 likafunguliwa tena, na ghafla treni za kaskazini na za kusini mwa jiji, zilizokuwa zikiishia kila moja upande wake, zikaweza kupita moja kwa moja. Handaki fupi la zamani likageuka kiungo cha mtandao unaotoka Bedford hadi Brighton, baharini. Hata reli fupi sana inaweza kuwa na thamani kubwa, ikiwa ndiyo iliyokosekana katikati.

Kituo kilichogeuka jumba la opera

Jumba la opera la Bastille, Paris, lililofunguliwa mwaka 1989, limesimama mahali palipokuwa na stesheni ya treni. Njia ya Vincennes ilitoka hapo tangu mwaka 1859. Desemba 1969 ikakatwa vipande viwili vyenye hatima tofauti kabisa. Kipande cha nje ya jiji kiliunganishwa na mtandao mpya wa treni za haraka, nacho leo ni sehemu ya njia ya RER A inayobeba zaidi ya watu milioni moja kwa siku. Kipande cha ndani, kilichopita juu ya matao ya matofali, kilikuja kuwa bustani ya kutembelea kwa miguu, yenye waridi na mianzi, na chini ya matao zikafunguliwa karakana za mafundi na wasanii.

Wafaransa walijua wanachokifanya: walikuwa wamekwisha kuwachimbia abiria njia nyingine ardhini. Bustani ilikuja baada ya treni kupata pa kupita.

Duara la kilomita 35 linalosubiri treni

Mwaka 1999 mwanafunzi wa Atlanta, Marekani, aitwaye Ryan Gravel, aliandika tasnifu akipendekeza reli kuukuu zinazolizunguka jiji hilo ziunganishwe kuwa duara moja la kilomita 35 hivi, lenye treni nyepesi. Wazo likapendwa mno. Njia za kutembea na za baiskeli zikajengwa, nyumba na migahawa ikafuata, bei ya ardhi ikapanda. Hadi mwaka 2025 treni yenyewe haikuwa imepita kwenye duara hilo hata mara moja, na baadhi ya wakazi waliohamia pembeni ya njia ndio walioipinga.

Ili yasitukute hayo, nina ombi kwa wasomaji wa Dar es Salaam, Tanga, Nairobi, Kisumu, Kampala na kwingine kote kwenye reli iliyolala. Mkutano wa mtaa au wa kaunti unapojadili hifadhi ya reli, nendeni. Ulizeni ardhi hiyo imeandikwa kwa jina la nani, ina upana gani leo, na nani anapewa kibali cha kujenga juu yake. Mkisikia treni inarudi, ulizeni itapita mara ngapi kwa saa kabla ya kuuliza itakuwa na rangi gani, na majibu myatake kwa maandishi.